Barua ya Aya Kumi: Hugh Dowding na Wajibu wa Mtumishi wa Umma

Muhula uliopita, baada ya kipindi cha historia ya Vita Kuu ya Pili, alinifuata mwanafunzi mmoja wa masomo ya jioni. Mchana huyu ni mtumishi wa halmashauri. Jioni huja darasani na uchovu wa ofisi usoni. Alisubiri wenzake watoke, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hivi mtumishi anawezaje kumwambia mkubwa wake kwamba anakosea katika jambo zito, na bado akabaki mtumishi mwaminifu?" Sikumjibu siku ile. Nilimwambia kwamba nitamletea barua moja aisome, kisha tuzungumze.

Barua yenyewe iliandikwa tarehe 16 Mei 1940 na Hugh Dowding, kamanda wa Kamandi ya Ndege za Kivita ya Uingereza, yaani sehemu ya Jeshi la Anga iliyokuwa na kazi ya kuzizuia ndege za adui zisiifikie nchi. Cheo chake kililingana na cha jenerali kamili wa nchi kavu. Barua ilikuwa na aya kumi, kila aya na nambari yake, kama ilivyo desturi ya majalada ya serikali. Haikuwa na maneno ya kutisha wala ya kujisifu. Hata hivyo naiweka miongoni mwa nyaraka nzito kuliko zote zilizopata kuandikwa na mtumishi wa serikali katika karne ya 20.

Najua baadhi ya wasomaji wangu watauliza: kwa nini sisi, wajukuu wa waliotawaliwa, tuhangaike na jemadari wa Mwingereza? Swali ni la haki, nami nitalirudia baadaye. Kwa sasa nianze na mtu mwenyewe, maana barua ile haikuzuka siku moja. Iliandaliwa na miaka 25 ya makosa, magomvi na kazi ya kimyakimya.

Mtu asiyependeza mezani

Dowding alizaliwa mwaka 1882 katika mji mdogo wa Moffat, Scotland, mtoto wa mwalimu mkuu wa shule. Alianza kazi kama ofisa wa mizinga, akatumika Gibraltar, Ceylon, Hong Kong na India. Mwishoni mwa mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 31, alipata leseni ya urubani, na vita vilipoanza mwaka uliofuata akaingizwa katika kikosi cha anga. Hakuwa mchangamfu. Wenzake walimpa jina la utani lililomaanisha mtu mkavu, mwenye kushikilia taratibu, asiye na masihara. Jina hilo alikaa nalo maisha yake yote.

Mwaka 1916, wakati wa mapigano ya Somme, marubani wake walikuwa wakifa kwa wingi. Dowding alimwomba mkuu wake, Hugh Trenchard, akiondoe mstari wa mbele kikosi kimoja kilichokuwa kimepoteza watu wengi mno, kipate kupumzika. Trenchard, ambaye baadaye aliitwa baba wa Jeshi la Anga la Uingereza, alikubali shingo upande, lakini akamwona Dowding kuwa mtu mwenye kukata tamaa. Muda si mrefu Dowding alirudishwa Uingereza, na hakupewa tena kikosi cha kuongoza vitani katika vita vile. Hapo alijifunza kwamba mtu anaweza kuwa sahihi kwa hesabu na bado akaadhibiwa kwa sababu ya namna hesabu hiyo inavyosikika masikioni mwa wakubwa.

Funzo la pili lilikuwa chungu zaidi, kwa sababu safari hii hakusema hapana. Septemba 1930 aliingia katika Baraza la Anga akiwa msimamizi wa ugavi na utafiti. Alikuta mezani suala la R101, chombo kikubwa cha angani kilichojazwa gesi ya haidrojeni, ambacho serikali ilitaka kiruke hadi India. Waziri wa Anga, Lord Thomson, alikuwa na haraka ya kisiasa: alitaka aende na kurudi mapema, ahudhurie mkutano wa nchi za milki jijini London. Tarehe 1 Oktoba chombo kilifanyiwa jaribio la mwisho, naye Dowding alikuwamo. Jaribio la kukiendesha kwa kasi yake yote halikufanyika kwa sababu kifaa cha kupoza mafuta ya injini moja kiliharibika. Pamoja na hayo, ruhusa ikatolewa. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba R101 ilianguka karibu na Beauvais, Ufaransa, ikawaka moto. Watu 48 kati ya 54 walikufa, Waziri mwenyewe akiwa miongoni mwao.

Dowding alikuwa na wiki chache tu kazini. Angeweza kujificha nyuma ya ugeni wake, nyuma ya wataalamu waliomtangulia, nyuma ya Waziri ambaye sasa ni marehemu. Uzeeni alikiri kwamba alikosea kutoshikilia majaribio zaidi yafanyike kwanza. Mimi hukisoma kituo hiki cha maisha yake polepole kuliko vingine. Niliwahi kuketi katika kamati moja, miaka mingi iliyopita, ambapo sote tulijua kwamba tarakimu iliyokuwa mbele yetu haikuwa sahihi. Mwenyekiti alikuwa na haraka, na nje kulikuwa na gari likimsubiri. Tulitia saini. Hakuna aliyekufa kwa saini yetu, lakini wapo waliokosa walichostahili, na hadi leo nikiona karatasi ya mahudhurio ya kikao huukumbuka ukimya ule. Kwa hiyo ninaposema kwamba Dowding wa mwaka 1940 alizaliwa katika majivu ya R101, nasema kwa kubahatisha kama msomaji wa historia, lakini pia kama mtu anayejua uzito wa saini iliyotolewa kwa haraka.

Kujenga kabla ya kusema

Wapo wanaoamini kwamba ujasiri wa mtumishi ni kusema tu. Dowding aliweza kusema hapana mwaka 1940 kwa sababu alikuwa ametumia miaka kadhaa kuijenga njia mbadala.

Mnamo Novemba 1932 Stanley Baldwin, mmoja wa viongozi wakuu wa serikali, aliliambia Bunge kwamba hakuna nguvu duniani iwezayo kuizuia ndege ya mabomu isipenye. Hiyo ndiyo iliyokuwa fikra kuu ya zama zile, na bajeti iliifuata: ndege za mabomu kwanza, ulinzi baadaye. Dowding hakukubaliana nayo. Februari 1935 Robert Watson-Watt na msaidizi wake Arnold Wilkins walifanya jaribio karibu na Daventry, wakaonyesha kwamba mawimbi ya redio yanaweza kugonga ndege na kurudi. Kabla ya hapo Dowding alikuwa amesisitiza aone ushahidi kwanza ndipo aombe fedha za umma. Alipouona, aliunga mkono utafiti huo kwa nguvu zake zote. Ndiyo mwanzo wa rada ya Waingereza. Ni katika miaka hiyo hiyo pia, chini ya idara yake, zilipoandaliwa Hurricane na Spitfire, ndege mbili za kivita zilizokuja kuibeba nchi.

Julai 1936 alikabidhiwa Kamandi mpya ya Ndege za Kivita, makao yake Bentley Priory, nje kidogo ya London. Kazi aliyoifanya pale haikuwa na mvuto wa magazeti. Rada peke yake ni kifaa tu. Inakuona adui, lakini haimpeleki rubani kwake. Dowding alijenga mtiririko wa habari. Vituo vya rada vya pwani vilipiga simu makao makuu. Nchi kavu, ambako rada za wakati ule hazikuona, watu wa kujitolea wapatao 30,000 walizihesabu ndege kwa macho na masikio, nao wakapiga simu. Taarifa zote zilichujwa katika chumba kimoja, kwa sababu kundi moja la ndege likionwa na vituo vitatu laweza kuhesabiwa kuwa makundi matatu. Zikishachujwa, zilisambazwa kwenye vyumba vya uendeshaji ambako wanawake vijana wa kikosi saidizi cha anga walisogeza alama juu ya ramani kubwa ya mezani. Kutoka hapo rubani aliyekuwa angani aliambiwa kwa redio aelekee wapi na kwa kimo gani. Haya yote yalifanyika kwa dakika chache. Simu zenyewe zilikuwa za idara ya posta, na nyaya zake zilifukiwa ardhini zisikatwe na mabomu.

Nimewataja waangalizi wa kujitolea na wanawake wa mezani kwa makusudi. Historia za vita hupenda rubani mwenye skafu shingoni. Mfumo wa Dowding ulitegemea pia karani asiyekosea namba. Ukimwondoa karani huyo, Spitfire nzuri kuliko zote hubaki ikizunguka angani bila kujua adui yuko wapi.

Aya kumi

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ufaransa na nchi jirani. Siku hiyo hiyo Winston Churchill akawa Waziri Mkuu. Ndani ya siku tano Wafaransa walikuwa wakivunjika, na kila saa ombi lilifika London: tuleteeni ndege za kivita. Dowding alihudhuria kikao cha Baraza la Vita tarehe 15 Mei, akaeleza hofu yake ana kwa ana. Baadaye alisimulia jinsi alivyoweka mbele ya Waziri Mkuu mchoro wa hasara ya Hurricane, ukionyesha kwamba kwa kasi ile isingebaki hata moja, si Ufaransa wala Uingereza. Kesho yake aliketi na kuandika.

Ninawaomba wasomaji, hasa ninyi mlio ofisini, tuitazame kwa makini namna barua ile ilivyojengwa.

Haikupelekwa kwa gazeti wala kwa mbunge rafiki. Ilielekezwa Wizara ya Anga, mahali pake rasmi, ili iingie masjala na kupewa nambari. Mwandishi anaanza kwa kutaja mahitaji makubwa yaliyowekwa juu ya vikosi vyake. Kisha anasema anatumaini majeshi yatashinda Ufaransa, lakini uwezekano wa kushindwa lazima ukabiliwe. Anaendelea: nadhani hakuna atakayekana kwamba Uingereza itapaswa kuendelea kupigana hata kama Bara zima litachukuliwa. Huu ndio ufundi wa hoja yake. Hawabishii wakubwa nia yao. Anaipokea nia hiyo, kisha anaonyesha gharama yake.

Ndipo inakuja tarakimu. Anaikumbusha Wizara kwamba makadirio ya mwisho ya ulinzi wa nchi yalikuwa vikosi 52, na kwamba alivyobaki navyo ni sawa na 36. Tarakimu ya 52 haikuwa ya kwake binafsi. Ilikuwa ya Baraza la Anga lenyewe. Anaongeza kwamba hata hiyo 52 ilikadiriwa wakati mashambulizi yalitarajiwa kutoka mashariki tu, na sasa yanaweza kuja hata kutoka pwani ya Ufaransa. Katika siku chache zilizopita, anasema, sawa na vikosi 10 vimekwisha kupelekwa Ufaransa, na vilivyobaki nyumbani vimedhoofika.

Baada ya hapo haombi huruma. Anadai uamuzi: Wizara iamue ni kiwango gani cha nguvu kitabaki kuilinda nchi, imhakikishie kwamba kikifikiwa kiwango hicho haitavuka bahari hata ndege moja, maombi yawe ya dharura kiasi gani. Aya ya mwisho inaweka njia mbili mezani. Ulinzi ukitunzwa, nchi inaweza kuendelea na vita peke yake kwa muda mrefu. Ulinzi ukimwagwa Ufaransa kwa majaribio ya kukata tamaa, kushindwa kwa Ufaransa kutakuwa pia kushindwa kwa Uingereza, kushindwa kusikokuwa na dawa.

Je, barua ilisikilizwa? Si mara moja. Siku ile ile Churchill alisafiri hadi Paris, akaguswa na aliyoyaona, akaomba vikosi sita zaidi. Baraza likakubali. Lakini Mkuu wa Jeshi la Anga, Cyril Newall, aliyekuwa ameielewa hoja ya Dowding na kuibeba kama yake, alihakikisha vikosi hivyo vinabaki katika viwanja vya kusini mwa Uingereza, vikivuka asubuhi na kurudi jioni. Tarehe 19 Mei Churchill mwenyewe aliagiza kwamba hakuna kikosi kingine cha ndege za kivita kitakachoondoka nchini.

Tusiifanye hadithi hii kuwa tamu kupita kiasi. Hapana ile ilikuwa na gharama, nayo ililipwa na wengine. Mwanajeshi wa Kifaransa aliyelala mtaroni, ndege za Ujerumani zikimshukia, hakuwa na sababu ya kumshukuru Dowding. Wafaransa wengi waliona wametelekezwa na mshirika wao, na si rahisi kuwalaumu. Dowding alijua kwamba kukataa kwake kungeua watu kama ambavyo kukubali kungeua. Maamuzi makubwa ya umma mara nyingi ndivyo yalivyo: kila upande una makaburi yake, na mwenye kuamua hana njia safi ya kupita.

Shukrani ya punda

Kuanzia tarehe 10 Julai hadi mwisho wa Oktoba 1940 mfumo ule ulipimwa. Kundi la 11, lililolinda kusini mashariki na London chini ya Keith Park, mwana wa New Zealand, lilibeba uzito mkubwa kuliko mengine. Marubani na wenzao wa ndegeni hawakufika hata 3,000, na 544 kati yao walikufa katika miezi hiyo. Hawakuwa Waingereza pekee: walikuwamo Wapoland wapatao 145, Wacheki, Wakanada, watu wa New Zealand, Wabelgiji, Wafaransa huru na wengineo. Mtoto wa Dowding mwenyewe, Derek, alikuwa rubani katika kikosi kimojawapo. Baba aliyekuwa akiutazama ubao wa alama Bentley Priory alikuwa na damu yake juu ya ramani ile. Ujerumani haikuweza kuitawala anga, na uvamizi wa kisiwa uliahirishwa, kisha ukaachwa.

Tarehe 17 Oktoba 1940, mapigano yakiwa hayajafungwa rasmi, kiliitishwa kikao Wizara ya Anga. Kiini chake kilikuwa mgogoro wa mbinu. Park alipeleka vikosi vichache haraka, ili awapige adui kabla hawajadondosha mabomu. Trafford Leigh-Mallory, kamanda wa Kundi la 12 la kaskazini zaidi, alitaka vikosi vingi vikusanywe kwanza angani, ndipo vishambulie kwa pamoja. Leigh-Mallory alifika na rubani mashuhuri, Douglas Bader, ambaye cheo chake hakikuwa cha kuketi kikao kama kile. Park hakuwa na rubani wake wa kutoa ushahidi. Kikao kiliongozwa na Sholto Douglas, aliyependelea mbinu ya vikosi vingi. Mwishoni mwa Novemba Dowding aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Sholto Douglas huyo huyo. Park alipelekwa kwenye mafunzo, na Kundi lake akapewa Leigh-Mallory.

Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke. Hata hivyo, mwanahistoria asiishie kwenye methali. Zilikuwapo sababu za kweli. Tangu Septemba Wajerumani walikuwa wakiipiga London usiku, na ulinzi wa usiku ulikuwa dhaifu sana. Tarehe 14 Novemba mji wa Coventry uliteketezwa, wakafa zaidi ya watu 500. Dowding alishikilia kwamba dawa ni rada ndogo ndani ya ndege yenyewe, na kwamba kuwarusha marubani gizani bila kifaa hicho ni kupoteza muda na watu. Wakati ulionyesha kwamba alikuwa sahihi, lakini wanasiasa wenye miji inayoungua hawakuwa na subira ya kusubiri kifaa. Tena, aliuachia ugomvi wa Park na Leigh-Mallory uote mizizi bila kuuamua, na hilo lilikuwa kosa la uongozi. Alikuwa na umri wa miaka 58, na tarehe yake ya kustaafu ilikuwa imekwisha kubadilishwa mara kadhaa. Si kila anayeondolewa ameonewa. Kinachosikitisha ni namna.

Mwaka 1941 Wizara ya Anga ilichapisha kijitabu cha kuusimulia umma ushindi ule. Jina la Dowding halikutajwa hata mara moja. Churchill mwenyewe, ambaye Dowding alikuwa amempinga, alichukizwa na jambo hilo na kumwandikia Waziri wa Anga kulalamika. Dowding alitumwa Marekani kwa masuala ya ununuzi wa ndege, hakufanikiwa sana, akastaafu mwaka 1942. Mwaka uliofuata alipewa ubwana, lakini cheo cha juu kabisa cha Jeshi la Anga hakupewa kamwe. Miaka yake ya mwisho aliitumia katika imani ya kuwasiliana na roho za wafu na kutetea wanyama dhidi ya ukatili. Alifariki Februari 1970, na majivu yake yakahifadhiwa Westminster Abbey.

Yatuhusu nini?

Narudi kwenye swali nililoahirisha. Kisiwa kilichokuwa kikijitetea dhidi ya kutawaliwa kilikuwa kikiwatawala wengine, sisi tukiwamo. Dowding mwenyewe katika miaka ya 1920 alikuwa ofisa mwandamizi wa makao makuu ya Jeshi la Anga nchini Iraq, wakati ndege zilitumika kuwatiisha wenyeji. Na mwaka 1929 alitumwa Palestina baada ya machafuko. Fedha za makoloni zilinunua ndege, ndiyo maana vikosi vya Uingereza vilibeba majina kama Nigeria, Gold Coast na Basutoland. Babu zetu walivaa sare za KAR wakaenda kupigana Abisinia na Burma kwa ajili ya uhuru ambao nyumbani hawakuwa nao. Simwombi msomaji ayasahau haya. Ninachosema ni kwamba nyaraka za mtawala nazo ni sehemu ya urithi wetu wa kujifunzia, kama vile taratibu za masjala, majalada na madokezo tulizozirithi kwake. Tumerithi fomu. Swali ni kama tumejifunza kuzijaza kweli.

Methali yetu moja yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali ya hekima, lakini ofisini tumeigeuza kuwa kinga ya uvivu na woga. "Ni maelekezo kutoka juu," tunasema, na kalamu inasaini. Tunasahau kwamba mkuu naye ana miguu, na kwamba asiyeambiwa ukweli na walio chini yake ndiye wa kwanza kuvunjika, na mara nyingi huvunjika na nchi.

Methali nyingine yafaa zaidi hapa: mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka mingi baadaye, Churchill aliandika katika kumbukumbu zake za vita kwamba Dowding alimwambia vikosi 25 vingetosha kuilinda nchi. Dowding alikana. Mmoja ni kiongozi mashuhuri kuliko wote wa karne yake, mwenye kalamu inayosomwa dunia nzima; mwingine ni mzee mstaafu asiyependwa. Kama yangekuwa maneno matupu, tungemwamini nani? Lakini barua ipo, na ndani yake imeandikwa 52.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki mbili baadaye. Alikuwa ameisoma barua mara tatu. Alisema: "Mwalimu, lakini huyu mtu mwisho wa yote waliimwondoa." Nikamwambia ni kweli, na kwamba sitamdanganya: barua nzuri haimlindi mwandishi wake. Inalinda jambo lenyewe. Mwandishi anahitaji kulindwa na wengine, na hapo ndipo penye deni letu sote, wanaharakati, wahadhiri, vyama vya wafanyakazi na wabunge, maana taasisi inayomhamisha kila asemaye kweli itabaki na watu wa kuitikia tu.

Alinyamaza kidogo, kisha akafungua begi. Alikuwa na rasimu ya dokezo sabili la kwenda kwa mkuu wake wa idara, kuhusu mradi ambao sitautaja. Aliniomba niangalie Kiswahili chake. Niliangalia. Nikamshauri aondoe sentensi mbili za hasira, aweke tarakimu zilizokwisha kupitishwa na vikao vya halmashauri yenyewe, aombe uamuzi wa maandishi, na abaki na nakala. Akazikata sentensi zile mbili pale pale, akahesabu aya zilizobaki. Zilikuwa saba.